Baharia Gravely, na Watu wa Reli Waliosukuma Mlango

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



Katika tawi letu kuna mabishano ambayo kila mmoja wenu ameyasikia. Wako wanaosema: mtu hupanda kwa bidii yake na kwa vyeti vyake, chama hakimpandishi mtu, basi ada ya nini? Na wako wanaosema: mambo yote ni kazi ya chama, wacha chama kipigane, sisi tutangojea matunda. Wale wa kwanza wanataka kujitoa. Wale wa pili wamo ndani, lakini hawaji mkutanoni, wala hawajiandikishi mafunzo yanapotangazwa. Pande zote mbili zinatuumiza. Chama chenye watu wachache tajiri hakisikilizi. Na chama chenye watu wasiojitayarisha, hata kikishinda nafasi, hukosa mtu wa kuijaza.

Leo tumeonelea tulijibu jambo hili kwa maisha ya mtu mmoja. Alikuwa baharia wa jeshi la maji la Marekani, jina lake Samuel Lee Gravely, mtu mweusi. Alitumika katika vita vitatu, akaanza katika cheo cha chini kabisa, akamaliza akiwa admirali. Mtu atauliza, baharia wa manowari anatuhusu nini sisi wa reli? Tunaomba mvumilie kidogo, maana reli itaingia yenyewe katika habari hii.

Gravely alizaliwa tarehe 4 Juni 1922 katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Mji huo ulikuwa makao makuu ya majimbo ya kusini yaliyopigana ili utumwa uendelee, na ingawa vita hivyo vilikwisha mwaka 1865, ubaguzi haukwisha. Mtoto mweusi alisoma shule yake na mtoto mweupe shule yake. Baba yake Gravely alikuwa mfanyakazi wa posta. Mama yake alikufa kijana akiwa na miaka 15. Alisoma akafika chuo kikuu cha Virginia Union pale pale mjini, na kabla hajamaliza, vita vikuu vya pili vikawa vimefika Marekani.

Sasa tuangalie jeshi la maji la nchi ile lilikuwaje. Baada ya vita vya kwanza vya dunia lilikuwa karibu limewafungia watu weusi mlango, na lilipoanza kuwaandika tena katika miaka ya 1930, liliwapa kazi moja tu: utumishi wa mezani. Walipika, walileta chakula cha maafisa, waliosha vyombo, walitandika vitanda na kung'arisha viatu. Hata mtu angekuwa na akili namna gani, hakuruhusiwa kujifunza injini, wala mzinga, wala simu ya upepo. Rangi yake ndiyo iliyokuwa cheti chake.

Mmoja wa watumishi hao alikuwa Doris Miller, ambaye wengi walimwita Dorie. Tarehe 7 Desemba 1941, ndege za Wajapani ziliposhambulia bandari ya Pearl Harbor, Miller alikuwa katika manowari iitwayo West Virginia. Alisaidia kubeba majeruhi, na nahodha wake alikuwa miongoni mwao. Kisha akashika bunduki kubwa ya rashasha ya kupigia ndege, ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha kuitumia, akapiga mpaka risasi zikaisha. Mwaka 1942 alipewa nishani ya Navy Cross, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 1943 alikufa baharini meli yake nyingine ilipopigwa na nyambizi, naye alikuwa bado katika kazi za jikoni na mezani. Tulitie hilo akilini. Walimpa nishani, lakini ile kazi aliyoonyesha kwamba anaiweza hawakumpa.

Hata hivyo mwaka 1942, baada ya watu weusi na vyama vyao kupiga kelele sana, jeshi la maji lilikubali kuwaandika katika kazi nyingine pia, kuanzia mwezi wa Juni. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo Gravely alijiandikisha. Walimpeleka Great Lakes, katika jimbo la Illinois, awe mwanafunzi wa kazi za chumba cha injini. Cheo hicho kwa Kiingereza kina jina lile lile wazee wetu wa injini za moshi walilopewa wale waliotia makaa. Kambi ya weusi ilikuwa mbali na kambi ya weupe, na iliitwa kwa jina la Robert Smalls, mtumwa ambaye mwaka 1862 aliichukua meli ya bwana zake katika bandari ya Charleston, akapita nayo mbele ya mizinga yao usiku, akawatoa jamaa zake utumwani.

Mwaka 1943 jeshi lilianza mpango wa kuwasomesha vijana vyuoni ili wawe maafisa. Gravely alichaguliwa. Hapo ndipo kusoma kwake kulipomfaa, maana mlango ulifunguka kidogo tu, na yeye alikuwa amekwisha simama mbele yake. Alisoma California, kisha New York, na tarehe 14 Desemba 1944 akapewa uafisa. Wakati huo maafisa weusi katika jeshi lote la maji walikuwa wachache sana. Wale wa kwanza 13 walikuwa wamepatikana mwanzoni mwa mwaka huo huo.

Mwezi wa Mei 1945 alipelekwa katika meli ndogo ya kuwinda nyambizi, PC-1264. Ilikuwa moja ya meli mbili ambazo jeshi lilizijaza mabaharia weusi ili kujaribu kama wataweza kazi. Fikirini, ndugu, watu wanafanyiwa majaribio kuona kama ni watu! Na waliiweza. Mwanzoni wasimamizi wa kazi katika meli ile walikuwa weupe, lakini baada ya miezi michache waliondolewa na weusi wakashika nafasi zao, na meli ikaendelea na safari zake kama kawaida.

Nchi kavu mambo yalikuwa mengine. Siku moja huko Miami, Gravely akiwa amevaa mavazi yake rasmi ya afisa, polisi wa kijeshi walimkamata kwa shtaka la kujifanya afisa. Waliomkamata walikuwa askari wa serikali ile ile iliyompa cheo. Karatasi ilisema ni afisa, lakini macho ya polisi yalikataa karatasi. Hili nalo tutalirudia.

Vita vikaisha, na mwaka 1946 Gravely akarudi kwao Richmond. Akaoa, akamaliza chuo mwaka 1948, na kazi aliyoifanya ilikuwa ukarani wa posta katika reli. Hapo ndipo reli inapoingia. Siku zile treni za Marekani zilikuwa na mabehewa ya posta, na ndani yake makarani walisimama wakichambua barua huku treni inakwenda mbio, kila mfuko uwe tayari kabla ya stesheni yake. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mkononi mwa mtu huyu aliyekuwa amekwisha kuwa afisa wa manowari.

Basi alirudije baharini? Hapa tumwache Gravely kidogo, tumtazame mtu mwingine wa reli ambaye hakuwa baharia hata siku moja.

Jina lake ni A. Philip Randolph. Katika treni za Marekani kulikuwa na mabehewa ya kulala ya kampuni ya Pullman, na watumishi wake, karibu wote, walikuwa watu weusi. Walitandika vitanda, walibeba mizigo, walisafisha viatu vya wasafiri usiku. Kila mtumishi aliitwa "George", kwa jina la mwenye kampuni, kana kwamba mama yake hakumpa jina. Walifanya kazi karibu saa 400 kwa mwezi, na mshahara ulikuwa mdogo hata iliwapasa kutegemea bakshishi. Mwaka 1925 watumishi hao walianzisha chama chao, wakamwomba Randolph awe kiongozi. Randolph hakuwa mtumishi wa treni, na kwa sababu hiyo kampuni haikuweza kumfukuza kazi.

Waliokuwa kazini walifukuzwa. Wanachama wengi walikimbia. Kampuni iliweka wapelelezi, ikaunda chama chake cha uongo. Chama cha kweli kilikaa miaka 12 bila mapatano. Miaka 12, ndugu zangu! Sisi tukikaa miezi sita bila mapatano watu huanza kuulizana kama katibu amekula pesa. Lakini mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi. Mshahara ulipanda, na saa za mwezi zikashuka mpaka 240.

Chama kile hakikuishia kwenye mishahara. Mwaka 1941, viwanda vya silaha vilipokuwa vinaajiri watu kwa maelfu na kuwakataa weusi, Randolph alimwambia Rais Roosevelt kwamba atawaleta watu weusi kwa maelfu waandamane Washington. Rais aliona jambo hili si mzaha. Tarehe 25 Juni 1941 alitoa amri ya kukataza ubaguzi katika kazi za viwanda hivyo, na maandamano yakaahirishwa. Lakini amri ile haikugusa jeshi lenyewe. Kwa hiyo mwaka 1948, serikali ilipotunga sheria mpya ya kuwaita vijana jeshini, Randolph alikwenda mbele ya kamati ya Seneti akasema wazi kwamba jeshi likibaki la ubaguzi, yeye atawashauri vijana wakatae kuingia, hata kama kwa hilo atafungwa. Tarehe 26 Julai 1948 Rais Truman alitoa amri kwamba katika majeshi yote watu watendewe sawa, bila kujali rangi. Wengine wengi pia walisukuma, na uchaguzi ulikuwa karibu. Lakini mkono wa kiongozi huyu wa watumishi wa treni ulikuwa miongoni mwa mikono iliyosukuma kwa nguvu zaidi.

Mwaka uliofuata, 1949, jeshi la maji lilimwita Gravely atoke Richmond, likampeleka Washington kuwatafuta na kuwaandika vijana weusi. Mnaona sasa? Watandika vitanda wa treni, waliochanga ada zao kidogo kidogo miaka ile yote, walisaidia kusukuma mlango ambao karani wa posta ya reli aliupitia kurudi baharini. Watu wengi wa Pullman hawakupata kulijua jina lake.

Lakini mlango ukifunguliwa, bado mtu lazima atembee kwa miguu yake. Gravely alitembea. Katika vita vya Korea alifanya kazi ya mawasiliano katika manowari kubwa Iowa, kisha katika Toledo. Mwaka 1955 alitoka katika askari wa akiba akawa mwanajeshi wa kudumu. Aliijua kazi ya mawasiliano barabara, hata ilikuwa vigumu kumpita. Mwaka 1962 alipewa uongozi wa manowari Falgout, akawa mtu mweusi wa kwanza katika jeshi lile kupewa manowari aiongoze. Mwaka 1966 aliongoza Taussig katika vita vya Vietnam. Mwaka 1971 akawa admirali, wa kwanza wa rangi yake. Na mwaka 1976 alipewa kundi zima la manowari liitwalo Third Fleet, lililolinda sehemu ya mashariki ya bahari ya Pasifiki.

Makao ya kundi hilo wakati ule yalikuwa wapi? Yalikuwa Pearl Harbor. Bandari ile ile ambayo mwaka 1941 mtu mweusi aliruhusiwa kubeba sahani tu. Kutoka Dorie Miller mpaka Admirali Gravely ni miaka 35. Katika miaka hiyo bahari haikubadilika, wala watu weusi hawakupata akili mpya ambayo hawakuwa nayo mwanzo. Kilichobadilika ni masharti ya kazi, nayo yalibadilika kwa kuwa watu walisukuma.

Gravely alistaafu mwaka 1980, miaka 38 tangu siku aliyojiandikisha. Alifariki tarehe 22 Oktoba 2004. Mwaka 2010 manowari mpya ilianza kazi ikiitwa USS Gravely, kwa jina lake.

Ndugu, hatukuja hapa kusifu vita. Wengine wetu tuna maoni yetu juu ya vita vya Vietnam, na hata Marekani kwenyewe watu wengi walivipinga. Tumekuja kutazama habari ya mfanyakazi na cheo chake, na kuna mambo matatu tunayotaka myachukue mkirudi nyumbani.

Jambo la kwanza ni kujitayarisha. Mwaka 1943 Gravely asingekuwa amesoma, mlango ungefunguliwa na kufungwa tena bila yeye. Nafasi haingoji mtu aende kutafuta cheti. Kwa hiyo mwanachama aweke karatasi zake zote mahali pamoja: barua ya kuajiriwa, vyeti vya mafunzo, hati za mshahara, barua za sifa na hata za karipio. Mafunzo yakitangazwa, ajiandikishe. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Katibu wa tawi hawezi kumtetea mtu kwa maneno ya hewani.

Jambo la pili ni umoja. Ujuzi wa Gravely ulikuwapo mwaka 1941, lakini ungeishia jikoni. Vyeti vya mtu mmoja havibadilishi kanuni za kazi. Sisi wa Kenya tunalijua hili. Katika siku za ukoloni mishahara ya reli ilipangwa kwa rangi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, hata kama mikono iliyoshika spana ni ya ujuzi mmoja. Wazee wetu hawakuliondoa jambo hilo kwa kuomba mmoja mmoja. Mwezi wa Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini na wa reli pamoja na wengine, waliacha kazi kwa maelfu, na mji wote ulisimama. Anayesema leo kwamba chama hakijamfanyia kitu, anakalia kiti kilichochongwa na watu hao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo la tatu ni kulinda kilichopatikana, na hili ndilo tunalolisahau zaidi. Mkumbuke polisi wa Miami walioikataa karatasi ya uafisa. Mkumbuke pia kwamba mwezi wa Oktoba 1972, miaka 24 baada ya amri ya Truman, na admirali mweusi yuko tayari, mabaharia weusi na weupe walipigana ndani ya manowari Kitty Hawk, kwa sababu chini, mahali pa kazi, weusi wengi walikuwa bado wanalalamika juu ya kazi duni na adhabu zisizo sawa. Mtu mmoja akipanda juu, haina maana wote wamepanda. Amri ikitiwa sahihi, haina maana imetimizwa.

Kwetu pia ni hivyo. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 2010 inatupa haki ya kutendewa vyema kazini, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Mapatano tuliyo nayo yana sahihi na muhuri. Lakini msimamizi anayempa mtu zamu mbili mfululizo hakuisoma Katiba asubuhi ile. Anayemzuia ni mwakilishi wa wafanyakazi aliye pale pale karakana, mwenye nakala ya mapatano mfukoni, na mwenye watu nyuma yake. Mahali pasipo mwakilishi hodari, mapatano ni karatasi ya kufungia chumvi.

Kwa hiyo mabishano yale tuliyoanza nayo hayana haja. Bidii ya mtu na nguvu za chama ni kama reli mbili za njia moja. Ng'oa moja, uone kama treni itafika hata stesheni ya karibu. Gravely bila Randolph angeendelea kuchambua barua. Randolph bila watu kama Gravely angefungua mlango, na tajiri angesema: tazameni, hakuna hata mmoja anayefaa kuingia.

Mwezi ujao tutachagua wawakilishi wa karakana, wa stesheni na wa njia. Tusichague mtu kwa kuwa ni wa kwetu, au kwa kuwa anajua kuchekesha. Tuchague anayesoma mapatano, asiyeogopa kuuliza, na anayeweka kumbukumbu. Na kila mwanachama aliyeko hapa amlete mmoja asiyekuwa mwanachama, hasa vijana wa mkataba ambao wanadhani chama ni cha wazee. Wambieni kwamba watumishi wa Pullman walingoja miaka 12, na walioanza kuchanga hawakujua ni nani atakayekula matunda. Walichanga tu.

Ndugu Mwenyekiti, hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize.

Umoja ni nguvu.